Uwanja Wenye Wenyewe Watatu na Choo Kisicho na Mwenyewe

Siku ya kuniaga mlinipa blanketi, chupa ya chai na dakika mbili za kuongea. Blanketi ninalo miguuni sasa hivi, maana Iringa majira haya haina huruma. Chupa ya chai inafanya kazi. Zile dakika mbili ndizo sikuzipata, kwa sababu mwenyekiti wa timu alizimaliza zote akinitambulisha kwa watu wanaonijua. Kwa hiyo naandika. Nawaandikia ninyi mliopokea kamba na kopo la chokaa, pamoja na wenzenu wa viwanja vingine vidogo vya huku kwetu, vile ambavyo refa anabadilishia nguo nyuma ya kichaka.

Habari za mshahara hamtazisoma hapa, nikianza hayo chai itaingia uchungu. Vyeo navyo sina cha kusimulia. Uwanja wetu ulikuwa na cheo kimoja tu, na nilikuwa nacho mimi tangu siku ya kwanza. Jina langu ni Sekalinga, lakini ukifika pale mjini ukamwulizia Sekalinga utaonyeshwa kituo cha basi urudi ulikotoka. Ulizia Mama Uwanja.

Kazi niliianzia hapa hapa Iringa, nikiwa binti, kwenye uwanja wa chuo kimoja. Aliyenifundisha ni Mzee Kaduma, Mbena mrefu asiyependa maneno, aliyevaa koti la mvua hata kiangazi. Siku ya kwanza alinipa kopo lenye matundu chini, limejaa chokaa, akaniambia nichore uwanja. Akaenda kukaa. Mimi nikaona huo ni mchezo. Nikachora kwa macho, nikitembea kwa madaha kama bibi harusi, mpaka nikarudi nilikoanzia. Mzee akaja, akatazama muda mrefu.

“Binti,” akasema, “huu mstari wako unaelekea Dodoma.”

Nikatazama. Kweli, ulikuwa umekwisha kutoka nje ya uwanja na ulikuwa njiani.

Ndipo akanionyesha kamba ya mafundo. Unaifunga kwenye vigingi vitatu, fundo kwa fundo, inatoka pembe ambayo haidanganyi, na hiyo ndiyo kona yako. Ukishaipata kona moja ya kweli, nyingine tatu zinafuata zenyewe. Ukianzia katikati kwa sababu katikati ndipo watu wanapotazama, utapata umbo la yai. Akanifundisha pia kuvua viatu kabla ya kila mechi na kuutembea uwanja wote kwa miguu mitupu, taratibu, hasa kwenye maboksi ya penalti, kwa sababu kipande cha chupa hakionekani ukiwa umevaa raba. Nimewaona baadhi yenu mnaukagua uwanja mkiwa mmesimama getini na simu sikioni. Nyayo zenu ni laini bado, ndiyo, lakini za wachezaji nazo ni nyayo.

Nikaolewa na dereva wa malori. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliniambia tunahamia Mbarali kwa muda mfupi. Muda mfupi huo umeisha juzi. Mji wenyewe uko barabarani, kati ya Chimala na Igawa. Wenyeji mnaujua, na mgeni hapungukiwi kitu asipolijua jina lake. Ni mji wa mpunga. Watu wanalima mpunga, wanaanika mpunga, wanakoboa mpunga, na timu yao inaitwa Mpunga Stars ili pasiwe na shaka.

Mwenyekiti wa timu wa wakati ule alisikia kuna mama kutoka Iringa anayejua kuchora kona. Akaja nyumbani, akanisalimia kwa salamu ya kwetu, “kamwene”, vizuri kabisa, akasema nianze Jumatatu. Hakusema naajiriwa na nani. Nami, kwa ujinga wa ugeni, sikuuliza.

Jumatatu nikafika uwanjani na kamba yangu. Uwanja sikuuona. Kutoka goli hadi goli yalikuwa maturubai yamepakana, na juu ya maturubai mpunga, na juu ya mpunga wanawake na reki zao wakiugeuza. Aliyewaongoza alikuwa mama mfupi mwenye kanga kiunoni, Mama Tumaini, ambaye baadaye alikuja kuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana, lakini asubuhi ile alinitazama kama mdaiwa wake.

“Wewe ndiye wa mpira?”

“Ndiyo mama.”

“Mpira ni saa kumi. Saa hizi ni za mpunga. Kaa pale kivulini, na usikanyage.”

Nikakaa kivulini. Hayo ndiyo mapokezi niliyopewa, na utaratibu huo ndio niliouacha. Asubuhi uwanja ni wa akina mama. Siku ya mechi wanauhamisha mpunga nyuma ya magoli na pembeni, wanafagia, nami napita na chokaa. Wakimaliza kufagia huwezi kukuta hata kijiwe. Sijawahi kuona uwanja wa ligi kubwa unaofagiwa hivyo.

Kulikuwa na sheria moja zaidi, ambayo haimo katika kitabu chochote cha mpira. Wingu likitoka kwenye safu ya milima likaanza kushuka upande wetu, mimi napiga filimbi mara tatu, ndefu. Hapo kila kitu kinasimama na kila mtu anaanua. Wachezaji, makocha, watazamaji, muuza karanga, wote wanakimbilia maturubai. Mpunga ukilowa baada ya kuanikwa, ukienda mashineni unatoka chenga tupu, mchele uliovunjika, na chenga hazilipi ada ya mtoto. Kwa hiyo mpira unasubiri.

Wageni hatukuwa tunawaambia. Si kwa ubaya, ilikuwa haitujii akilini kwamba kuna watu wasiojua. Mara moja ilikuja timu kutoka Iringa, watu wangu kabisa, wamevaa vizuri, wana basi la kukodi. Wakatufunga bao mapema. Sasa wanashangilia pale kwenye kona, wingu hilo, nikapiga filimbi. Wakageuka, wakaona mji mzima unawajia mbio. Jamani, Wahehe wana sifa ya ushujaa, lakini siku ile sikuiona. Waliingia kwenye basi kupitia madirishani na wakajifungia. Kipa wao peke yake ndiye aliyechelewa, na Mama Tumaini alimkamata mkono akamwambia, “Wewe una glavu, shika hapa.” Akashika. Akaanua mpaka punje ya mwisho. Yule kijana alioa pale pale mjini, sasa ana mashine yake ya kukoboa na kitambi. Refa wa siku hiyo aliandika kwamba mchezo ulisimama kwa sababu ya mpunga, na sijui wakubwa wake walimwelewaje.

Sasa historia ya uwanja. Niliipokea kwa vipande, na kila kipande kilikuwa na mwenyewe. Wazee wa usharika walisema eneo lilikuwa la misheni na vijana wa kanisa ndio waliong’oa visiki. Wazee wa serikali walisema visiki viling’olewa na wajenzi wa barabara kuu, waliosawazisha pale waweke mitambo yao, na walipoondoka eneo likawa la serikali, kwa hiyo la halmashauri. Wakoboaji, yaani chama cha wenye mashine za mpunga, walisema hayo yote sawa, lakini lile jukwaa lenye bati amejenga nani? Walijenga wao. Nami nikawauliza wote, kila mmoja kwa wakati wake, ng’ombe wakiingia uwanjani nimwambie nani. Wote walinijibu nimwambie mwenye ng’ombe.

Hapo sikuona tatizo. Uwanja ulikuwepo, mpira ulichezwa, mpunga ulikauka. Nilichojifunza baadaye ni kwamba mambo ya umiliki hayaonekani mpaka kitu kivunjike, na kwetu kilivunjika choo.

Kilikuwa choo cha shimo, nyuma ya jukwaa, cha mbao zilizowahi kuwa nzuri. Nilikwisha kukilalamikia. Usharika wakaniambia choo ni jambo la afya, niende halmashauri. Halmashauri wakaniambia choo kiko nyuma ya jukwaa, jukwaa ni la wakoboaji. Wakoboaji wakaniambia wao walijenga jukwaa la kukalia, hawakusema habari za kuchuchumaa. Nikazunguka hivyo mpaka viatu vikaisha soli. Mwishowe nikaweka mti mlangoni kuzuia watu, na watu wakauondoa, kwa sababu mtu aliyebanwa hasomi alama.

Aliyeanguka ni refa. Mwalimu Mgaya, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mtu wa heshima zake, alikwenda choo wakati wa mapumziko na filimbi shingoni. Mbao zikaachia. Hakuzama, mshukuruni Mungu, alikwama kiunoni kwenye mbao zilizobaki. Tukaanza kusikia filimbi. Wachezaji wakadhani kipindi cha pili kimeanza, wakajipanga katikati, wakasubiri. Filimbi ikaendelea kulia, refa haonekani. Ni Mama Tumaini aliyesema, “Hiyo inalia kwa uchungu, hebu nendeni mkaone.” Tulimvuta kwa kamba yangu ya mafundo. Ile kamba nilikwenda kuifua mtoni mwenyewe.

Mwalimu Mgaya hakutaka fidia. Alitaka kitu kimoja: mwenye uwanja aje amwombe radhi mbele ya watu, kwa sababu aliangukia mbele ya watu. Ukaitishwa mkutano wa hadhara, pale pale uwanjani. Walikuja wa usharika, wa halmashauri, wa wakoboaji. Mwenyekiti wa kitongoji akasema, “Mwenye uwanja asimame, amwombe mwalimu radhi, tukanywe chai.” Hakusimama mtu. Wa usharika akasema kanisa halina uwanja, lina kiwanja cha kanisa tu. Wa halmashauri akasema hana taarifa kwamba pale pana uwanja, wakati amesimama kwenye boksi la penalti. Wa wakoboaji akasema wao ni wafanyabiashara, mpira ni wa vijana. Mji mzima ulisikia. Mwalimu Mgaya alikaa kwenye kiti chake katikati, amevaa suti ya kuombwa radhi, akakaa mpaka watu wakaisha. Nilimwonea huruma sana siku ile, na hasira niliyokuwa nayo ilinikosesha usingizi.

Choo kipya walichimba akina mama wa mpunga. Kila mmoja alitoa fedha kidogo, na mume wake akachimba kwa lazima. Hakuna aliyewauliza kwa nini wanachimba kwenye eneo la watu, maana eneo lilikuwa halina watu.

Tukakaa hivyo miaka mingi, kwa amani. Kisha akaja Bwana Mwakalonge kutoka Mbeya mjini, mwenye malori. Alikuwa mtu mpole, anasalimia hadi kuku. Alisimamisha gari barabarani, akautazama uwanja wetu jinsi ulivyonyooka na ulivyo karibu na lami, akasema hapa panafaa yadi ya malori. Akauliza, “Huu uwanja ni wa nani?”

Ndani ya wiki hiyo ukapata wenyewe watatu.

Asubuhi moja nilikuta kibao getini: Mali ya Usharika. Kesho yake kikaongezeka cha halmashauri, kirefu zaidi. Wakoboaji wakaleta cha bati, wakakipigilia juu ya vyote viwili. Geti lenyewe likainama kwa uzito. Na kwa kuwa kila mmoja alitaka kuonyesha kwamba ndiye anayeutunza uwanja, ghafla kila mmoja akakumbuka kwamba ana mfanyakazi pale. Halmashauri wakaniletea buti. Usharika wakaniletea koti lenye msalaba mgongoni. Wakoboaji wakaniletea aproni na kofia yenye picha ya suke la mpunga. Nilipouliza nivae ipi, kila mmoja akasema ya kwake. Nikavaa zote. Nilifyeka nyasi nikiwa na buti za serikali, koti la kanisa na kofia ya wafanyabiashara, na Mama Tumaini akasema nimekaa kama mkutano wa wadau.

Tulicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Yadi ikijengwa, Mpunga Stars hawana pa kuchezea mpaka Chimala, na akina mama hawana pa kuanikia. Mpunga wa kuanika kando ya lami unakanyagwa na malori na unaokotwa pamoja na mawe. Mama Tumaini alisomesha watoto wote kwa uwanja ule. Nami, sina haja ya kuficha, nilikuwa naogopa. Nilikuwa nimeuchora ule uwanja kila wiki tangu nikiwa na nywele nyeusi. Nilikuwa najua mahali majani yanaota mapema na mahali maji yanatuama. Sikuwa na kitu kingine ninachokijua hivyo duniani, na kilikuwa kinakwenda kuwekewa changarawe na matairi.

Timu na akina mama wakaenda kufungua shauri baraza la ardhi kuzuia uuzaji. Baraza likasema litakuja kuliona eneo lenyewe. Mwenyekiti wa baraza alikuwa mwanamama mtulivu mwenye miwani, mzaliwa wa Kyela, ambaye akiuliza kitu anakaa kimya mpaka ukichoke kimya chake. Wakafika asubuhi, kwa hiyo uwanja ulikuwa umejaa mpunga. Tukasimama pembeni, wenyewe watatu wa uwanja upande mmoja, sisi upande mwingine, Bwana Mwakalonge katikati na suti ya rangi ya maziwa.

Wakaeleza. Visiki, mitambo ya barabara, jukwaa. Kila mmoja akanionyesha mimi kwa kidole kama ushahidi: mfanyakazi wetu yule. Mwenyekiti akanitazama kuanzia buti hadi kofia.

Hapo Mwalimu Mgaya, aliyekwisha kustaafu na ambaye hakualikwa na mtu, akanyoosha mkono. “Mheshimiwa, kama mwenye uwanja amepatikana, mimi nina dai langu la radhi. Nimelisubiri sana.” Akaeleza choo, mbao, filimbi, mkutano. Hakupunguza kitu, hata kiuno.

Mwenyekiti akawageukia wale watatu. “Nani kati yenu anamwomba radhi mwalimu?”

Sijaona watu wenye adabu namna ile. Wa usharika alimwahi, akamshika mkono wa kulia, “Mwalimu, kwa niaba ya kanisa, utusamehe.” Wa halmashauri akaushika wa kushoto, akainama kabisa. Wa wakoboaji, kwa kuwa mikono ilikwisha, akamshika bega na kusema radhi za kweli hasa ndizo zake. Mwalimu Mgaya akawaitikia kwa kichwa. Akasema, “Nimewasamehe wote.” Akatoa leso, akafuta macho, na mimi nikafuta ya kwangu kwa koti la usharika.

“Vizuri,” mwenyekiti akasema. “Sasa naomba kuelewa. Siku ile ya mkutano, mbele ya watu, kila mmoja wenu alisema uwanja si wake. Leo kila mmoja anasema ni wake. Siku gani kati ya hizo mbili mlikuwa mnasema kweli?”

Akakaa kimya. Wale watatu wakaachia mikono ya mwalimu mmoja mmoja.

Kimya kile kingeendelea mpaka leo, ila mimi nilikuwa nimetazama mlimani. Wingu lilikuwa limeanza kushuka, jeusi, linakuja upande wetu. Najua kwamba mbele ya baraza mtu hapigi filimbi. Lakini mpunga ulikuwa umekauka siku ya pili, ulikuwa uende mashineni jioni. Nikapiga. Mara tatu, ndefu.

Mama Tumaini alikwisha kuondoka kabla ya ile ya pili. Wachezaji wa Mpunga Stars, waliokuwa wamevaa vizuri kwa ajili ya baraza, wakavua viatu wakaingia. Mwalimu Mgaya akaweka leso mfukoni akaingia. Wa wakoboaji naye, maana hata yeye kwao ni mpunga, alisahau kesi akakunja suruali. Karani wa baraza alisimama na makabrasha yake kifuani akiuliza kuna nini. Mwenyekiti akavua miwani yake akampa ashike, akajifunga mtandio kiunoni, na nikamwona anakunja turubai kutoka upepo unakotokea, jinsi inavyotakiwa, kama mtu aliyelelewa na mama mkali. Bwana Mwakalonge alibaki amesimama peke yake.

“Wewe wa suti,” Mama Tumaini akamwita, “shika pembe hii, usivute.”

Akashika. Alivuta, akaambiwa tena asivute, akaacha. Mvua ilitukuta tukimalizia gunia la mwisho, tukajazana sote chini ya lile jukwaa, baraza, wadai, wadaiwa na mnunuzi, tunanuka mpunga na udongo. Suti ilikuwa imekwisha kuwa ya rangi ya Mbarali. Mwenyekiti akavaa miwani yake iliyolowa, akaniuliza, “Mama, wewe hasa umeajiriwa na nani?”

“Mheshimiwa,” nikasema, “hilo swali na mimi nililiacha tangu nimekuja.”

Uamuzi ulisomwa baadaye, ofisini kwa baraza. Tulikwenda na lori la mpunga, akina mama wote nyuma, wamevaa vitenge vya sare. Mwenyekiti alisoma kwa Kiswahili kile cha mahakamani ambacho kila neno unalijua lakini yakikaa pamoja hulijui hata moja. Tukasikia kwamba wadaiwa hawakuthibitisha umiliki wao. Tukatazamana, tukafurahi kidogo. Kisha tukasikia kwamba wadai nao hawakuthibitisha umiliki wao. Wadai tulikuwa sisi. Mama Tumaini akafunika uso kwa kitenge. Yeye akiinuka wote huinuka, na mimi nikainuka, tukatoka nje tukilia, wakati mle ndani bado wanasoma.

Lori likaanza kurudi. Akina mama wakaimba zile nyimbo za msibani, dereva akazima redio kwa heshima. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya tairi la akiba, sioni barabara kwa machozi. Nilikuwa nauaga uwanja kipande kipande kichwani, kona moja baada ya nyingine. Ndipo bodaboda ikatupita, ikatuzuia mbele, akashuka Mwalimu Mgaya mwenye vumbi mpaka kope.

“Mbona mmeniacha?” akasema. “Na mbona mnalia?”

“Baraza limesema uwanja si wetu,” nikamwambia.

“Si wa mtu yeyote. Ndivyo mwenyekiti alivyosoma. Ni eneo la wazi, libaki kwa matumizi ya wakazi kama walivyokuwa wakilitumia. Mpira na mpunga vimetajwa vyote viwili.” Akatusubiri, kama alivyokuwa anasubiri darasa la nne. “Sasa kisicho na mwenyewe atakiuza nani?”

Ilichukua muda kuzunguka lori zima. Unaona uso mmoja unaelewa, halafu wa pili, halafu wa nyuma anauliza nini, anaambiwa. Kisha vigelegele. Dereva akadhani amegonga mtu, akaruka chini kutazama matairi.

Nilipoona umri umefika, nikatafuta wa kumwandikia barua ya kustaafu. Usharika wakaniambia baraza limesema uwanja si wao. Halmashauri vivyo hivyo. Wakoboaji wakaniomba niwarudishie kofia. Basi nikaamua kujistaafisha mwenyewe. Jumapili moja, wakati wa mapumziko, nikasimama kwenye duara la katikati, nikasema kwa sauti kwamba nimewatumikia, nimechoka miguu, kuanzia leo mimi si mtunza uwanja tena, ninarudi Iringa kwa wanangu. Nilitegemea watapiga makofi.

Mama Tumaini akasimama kule jukwaani, akajifunga kanga vizuri.

“Uwanja ni wa nani?” akaniuliza.

“Ni wenu,” nikasema. “Baraza limesema.”

“Na anayeufanyia kazi ni wa nani?”

Nikainama kutazama chokaa ya duara.

“Basi mfanyakazi wetu ni wewe,” akasema, “na sisi hatujakuruhusu.”

Mji mzima ukasema hivyo hivyo, hatujakuruhusu, mpaka wachezaji wa timu ngeni ambao hawakujua wanamkatalia nani. Miaka yote ile nilizunguka ofisi hata kwa ajili ya mbao za choo, sikumpata mtu wa kusema mimi ni wake. Nililia pale katikati kama mtoto. Kisha nikaenda kurudishia mstari wa goli uliofutika, kwa sababu kipindi cha pili kilikuwa kinaanza, na ruhusa walinipa baada ya mavuno mengine mawili.